Diski Ina Nafasi, Picha Zinakataa: Mwongozo wa Kuhamisha Maktaba ya Picha

Ujumbe wa “hakuna nafasi ya kutosha” ni wa hatari kwa sababu humfanya mtu aanze kufuta. Kompyuta imegoma katikati ya kuhamisha picha, naye kwa haraka anafuta video za sendofu, picha za watoto walipoanza shule, na zile za msibani alizowatunzia ndugu. Akimaliza, ujumbe uleule unarudi, kwa kuwa mahali alipofuta sipo palipojaa.

Mwongozo huu unafuata safari moja ambayo wengi wetu tunaihitaji: kutoa picha Google Photos na kuzileta kwenye kompyuta ya Windows, zikae kwenye diski ya nje na zisimamiwe na digiKam, programu ya bure ya kupanga picha. Simu zetu za Android zimekuwa zikipandisha picha zenyewe kwa miaka mingi, na sasa akaunti zimejaa. Akaunti ikijaa, hata barua pepe za Gmail haziingii, kwa hiyo jambo hili haliwezi kuahirishwa daima.

Shika kanuni moja tangu mwanzo: usifute chochote kabla hujajua ni nafasi ipi iliyojaa. Katika safari hii zipo nne zinazoweza kujaa: akaunti yako ya Google, diski C ya kompyuta, diski ya nje, na folda inayosawazishwa na huduma ya mtandaoni kama OneDrive. Ya tano haijai, ila inakataa: namna diski yenyewe ilivyofomatiwa.

Hesabu nafasi upya

Akaunti ya bure ya Google ina GB 15, zinazotumiwa kwa pamoja na Gmail, Drive na Photos. Mtu akiona zimekwisha zote 15, hudhani flashi ya GB 32 itabeba kila kitu na kubaki na nafasi. Hesabu hiyo haiko sawa. Hadi tarehe 1 Juni 2021, picha zilizopandishwa kwa kiwango kilichoitwa “ubora wa juu” hazikuhesabiwa kwenye nafasi ya akaunti. Aliyeanza kuitumia Google Photos ilipozinduliwa mwaka 2015 anaweza kuwa na picha za miaka sita ambazo hazionekani kabisa kwenye zile GB 15. Picha zako zinaweza kuwa GB 40, zinaweza kuwa 90.

Jambo la pili ni albamu. Ukiagiza picha zako zote, Google huzipanga kwenye folda za miaka, na kila albamu uliyotengeneza nayo huja kama folda yake. Picha iliyo kwenye albamu ya harusi itakuja mara mbili: kwenye folda ya mwaka na kwenye folda ya albamu.

La tatu ni hatua zenyewe. Picha huja ndani ya mafaili ya zip, na picha za JPEG tayari zimebanwa, kwa hiyo zip haizipunguzi. Mafaili ya zip ya GB 60 yakifunguliwa yanazaa picha za karibu GB 60 nyingine, na jumla inakuwa 120. Ukiziingiza kwenye programu inayotengeneza nakala zake yenyewe, unafika 180. Hapo ndipo diski iliyoonekana kubwa inapojaa. Basi tafuta diski yenye nafasi tupu angalau mara mbili ya ukubwa wa mafaili ya zip. Kama huna, fanya kazi kwa awamu, mwaka mmoja mmoja.

Ipime diski kabla ya kuiamini

Bofya kulia kwenye jina la diski, fungua Properties, na usome sehemu ya File system. Ukikuta FAT32, diski hiyo haipokei faili lolote linalofika GB 4, hata kama ina GB 50 tupu. Video ya harusi ya GB 6 itakataliwa, wakati maelfu ya picha ndogo yanapita bila shida. Diski itakayotumika kwenye Windows peke yake ifomatiwe kwa NTFS. Itakayohama kati ya Windows na Mac ifomatiwe kwa exFAT, maana Mac husoma NTFS lakini haiandiki humo. Kufomati kunafuta kila kitu kilichomo, kwa hiyo fanya hivyo diski ikiwa tupu.

Usishtuke diski ya TB 1 ikionekana kwenye Windows kuwa na GB 931. Hujaibiwa. Mtengenezaji huhesabu kilobaiti kuwa baiti 1,000, na Windows huhesabu 1,024, ndiyo maana namba zinatofautiana.

Wizi wa kweli upo kwenye flashi na kadi za memori za bei ya kutupa. Feki hurekebishwa ijitangaze kuwa na TB 1 au 2 wakati ndani ina GB chache tu. Kompyuta itakuonyesha kwamba kunakili kumekamilika bila kosa lolote, na majina ya mafaili yatakuwepo, lakini picha hazitafunguka. Ndiyo hitilafu mbaya kuliko zote kwa sababu haitoi ujumbe. Pima kila diski au flashi mpya kwa H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Mac na Linux. Programu hizi huijaza diski yote data za majaribio, kisha huzisoma tena kuona kama zipo kweli. Jaribio la diski kubwa huchukua saa nyingi. Liache liende usiku.

Safari, hatua kwa hatua

1. Fungua Google Takeout, huduma ya Google ya kutoa data zako, kwa akaunti yako. Ondoa alama kwenye huduma zote, kisha weka alama kwenye Google Photos peke yake. Ingia kwenye orodha ya albamu na uchague folda ya mwaka mmoja kwanza. Mwaka huo utakupa picha halisi ya ukubwa na muda wa kazi nzima.

2. Kwenye namna ya kupokea, chagua kutumiwa kiungo kwa barua pepe. Usichague kupelekewa kwenye Drive, maana mafaili hayo yatahesabiwa kwenye zile GB 15 zilizokwisha kujaa.

3. Kwenye ukubwa wa faili, chagua GB 2. Mtandao ukikatika au bando likiisha, utarudia GB 2 tu. Aliyechagua GB 50 anaweza kupoteza bando la mwezi kwa faili moja. Zip za ukubwa huu pia hufunguka hata kwa programu za zamani, tofauti na zile zinazozidi GB 2.

4. Kiungo kikifika, usikawie. Kina muda wa siku saba tu, kisha itabidi uagize upya. Kabla ya kupakua, ingia kwenye mipangilio ya kivinjari na ubadili mahali pa kuhifadhi, kutoka folda ya Downloads kwenda kwenye diski ya nje.

5. Hesabu mafaili uliyopakua. Majina yake yana namba za mfuatano. Ikikosekana 007 kati ya 006 na 008, ipakue kabla ya kusonga mbele.

6. Fungua zip kwa 7-Zip. Kwanza chagua mafaili yote na utumie amri ya kuyapima, Test. Yakipita, yafungue yote kwenye folda moja yenye jina fupi, mfano D:\P (D ikiwa ndiyo diski yako ya nje), ili yaliyogawanyika yakutane. Ikikuuliza kama ifunike faili lenye jina lilelile, chagua lipewe jina jipya, usikubali lifunikwe.

7. Fungua digiKam, ingia kwenye mipangilio ya mikusanyiko, na uiongeze folda hiyo chini ya diski za kuchomeka. Hifadhidata ya digiKam iache kwenye diski ya ndani ya kompyuta, ambako inafanya kazi kwa kasi.

Hatua ya saba inahitaji neno zaidi. Programu za picha ziko za aina mbili. Aina ya kwanza huzichukua picha na kuzinakili ndani ya maktaba yake. Aina ya pili huziacha pale zilipo na kukumbuka njia ya kuzifikia. Ukiiongeza folda kama mkusanyiko, digiKam inafuata njia hii ya pili: haitengenezi nakala, na diski haijai. Ukitumia amri ya kuingiza, itanakili. Photos ya Mac, kwa kawaida yake, hunakili, mpaka uondoe alama ya kunakili kwenye mipangilio yake. Maktaba yake ikikaa kwenye diski ya nje, diski hiyo iwe imefomatiwa kwa APFS au Mac OS Extended, exFAT haifai.

Anayetoka kwenye Photos ya Mac naye aangalie jambo moja kabla ya kuhama. Kama iCloud imewekwa ibane nafasi ya kompyuta, picha kamili nyingi haziko kwenye Mac. Zilizopo ni ndogo za kuonyesha tu. Chagua kwanza zile halisi zote zipakuliwe, subiri zimalizike, ndipo uzitoe.

Ujumbe na dawa yake

“Diski C imejaa,” wakati unapeleka picha D. Sababu kubwa ni mbili. Ama kivinjari bado kinapakua kwenye folda ya Downloads, iliyo C, ama unaburuta mafaili kwa kipanya kutoka kwenye dirisha la 7-Zip. Ukiburuta, mafaili yanaweza kupitia kwanza kwenye folda ya muda ya Windows, nayo iko C. Tumia amri ya Extract na uandike mahali pa kwenda. Hapo yataenda moja kwa moja.

“Faili ni kubwa mno kwa mfumo wa diski inayopokea.” Hiyo ni FAT32. Kufuta picha nyingine hakutasaidia hata kidogo. Hamisha vilivyomo, fomati upya, kisha rudisha.

Kosa 0x80010135, au “njia ni ndefu mno.” Watu wengi hulifikiria kuwa ni kosa la nafasi, lakini linahusu majina. Windows kwa kawaida huruhusu njia ya faili yenye herufi 260 hivi, kuanzia herufi ya diski hadi mwisho wa jina la faili. Folda ndani ya folda zenye majina marefu ya albamu hufikia kikomo haraka. Ndiyo sababu nimesema D:\P.

“OneDrive imejaa.” Kwenye kompyuta nyingi za Windows, folda ya Pictures inasawazishwa na OneDrive, na nafasi yake ya bure ni GB 5. Ukimwaga humo picha za GB 60, kompyuta itaanza kuzipandisha mtandaoni, bando litakwisha, kisha utapata ujumbe wa kujaa. Diski yako haina tatizo. Toa picha kwenye folda hiyo na uziweke kwenye folda isiyosawazishwa.

Umefuta, lakini nafasi hairudi. Vilivyofutwa bado vimo kwenye diski. Diski ya nje ina sehemu yake ya vilivyofutwa, na digiKam nayo ina tupio lake ndani ya folda iliyofichwa inayoitwa .dtrash. Mwaga tupio la digiKam ukiwa ndani ya programu, kisha la Windows.

Folda ina ukubwa mdogo, lakini imekula nafasi kubwa. Linganisha mistari miwili kwenye Properties: ukubwa, na ukubwa kwenye diski. Kwenye diski kubwa ya exFAT iliyofomatiwa na Windows, faili dogo kuliko yote huchukua KB 128, hata likiwa na KB 1 ya maandishi. Takeout huleta faili dogo la maelezo kwa karibu kila picha. Mafaili 20,000 ya aina hiyo hula karibu GB 2.5. Kwenye NTFS tatizo hili ni dogo sana.

Kosa la CRC wakati wa kufungua zip. Faili limeharibika. Lipakue upya hilo moja. Yakiwa mengi yenye kosa hilo, acha kulaumu mtandao: badili waya, chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta bila kupitia kigawanyishi cha USB, na upime diski.

Picha zipo, lakini tarehe zimeharibika

Ukimaliza kuingiza, huenda digiKam ikaonyesha mamia ya picha kana kwamba zote zilipigwa wiki hii. Nyingi ni za WhatsApp. WhatsApp huondoa maelezo yaliyomo ndani ya picha, ikiwemo tarehe ya kupigwa, kwa hiyo programu inashika tarehe ya faili lenyewe kutua kwenye diski.

Usiyatupe yale mafaili madogo yanayoishia na .json, hata kama yanakula nafasi. Chukua mfano wa picha IMG_20190714_163022.jpg. Fungua faili lake la maelezo kwa Notepad na utafute neno photoTakenTime. Chini yake utaona namba kama 1563111022. Hizo ni sekunde zilizopita tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970, na karibu yake imeandikwa tarehe ya kawaida: 14 Julai 2019, 13:30:22 kwa saa za UTC. Afrika Mashariki iko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo kwetu ilikuwa 16:30, yaani saa kumi na nusu alasiri, kama jina la picha linavyosema. Ukikuta picha zimerudi nyuma kwa saa tatu kamili, ujue programu imesoma UTC bila kuongeza tofauti hiyo.

Chombo cha kurudisha tarehe hizo kwa maelfu ya picha mara moja ni ExifTool, programu ya bure ya Phil Harvey. Inaweza kusoma tarehe kwenye .json na kuiandika ndani ya picha husika. Ijaribu kwanza kwenye nakala ya folda yenye picha kumi. Kwa picha za WhatsApp zenye majina kama IMG-20190714-WA0003.jpg, inaweza pia kuchukua tarehe kutoka kwenye jina, ingawa jina hilo halina saa. Tarehe zikishakaa sawa, hifadhi mafaili ya .json kwenye zip moja. Maelezo uliyoyaandika Google Photos na mahali ulipoongeza kwa mkono vimo humo.

Hakiki, ndipo ufute

Kwa kila mwaka, hesabu picha na video upande mmoja, na mafaili ya .json upande wa pili. Namba zinapaswa kukaribiana. Tofauti ya chache ni ya kawaida, hasa kwa picha ulizozihariri. Tofauti ya mamia inaonyesha kwamba kuna zip haikupakuliwa au haikufunguka yote. Kisha chagua picha za mwanzo, za katikati na za mwisho wa mwaka, na uzifungue kwa ukubwa wake kamili. Video ziruke hadi dakika ya mwisho uone kama zinacheza. Ichomoe diski ipasavyo, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, na urudie baadhi ya majaribio hayo.

Nakala ya pili ni lazima. Nunua diski nyingine, nakili kila kitu, na uiweke nyumba tofauti, kwa ndugu unayemwamini. Diski moja ikianguka au ikiibiwa na kompyuta, nyingine itabaki.

Baada ya hapo ndipo ufute picha zilizoko Google Photos, mwaka mmoja kwa wakati. Kumbuka kwamba ukifuta picha kwa programu ya Google Photos kwenye simu, inaondoka kwenye akaunti na kwenye simu vilevile. Picha zilizokuwa zimehifadhiwa mtandaoni hukaa kwenye tupio siku 60, na muda huo ndio wa mwisho wa kugundua kilichokosekana. Usilimwage tupio siku hiyohiyo, hata kama Gmail inakusumbua. Kama unahitaji nafasi haraka, futa barua pepe zenye viambatisho vikubwa au mafaili ya Drive usiyoyahitaji. GB 15 ni zilezile.

Anza jioni ya leo na mwaka mmoja tu, hata ule wenye picha chache kuliko yote. Ukikutana na ujumbe wa kujaa, toa mkono kwenye kitufe cha kufuta na ujiulize kwanza: ni akaunti, ni C, ni diski ya nje, ni OneDrive, au ni namna diski ilivyofomatiwa? Diski hununuliwa dukani wakati wowote. Picha ya bibi aliyekwisha kufariki haiuzwi popote.